Hili Usimtafsirie

Asubuhi hiyo mashine za kusoma vitambulisho ziligoma, na ukumbi wa chini wa jengo la kampuni ukafurika watu. Wahandisi, wahasibu, wageni wenye mabegi mgongoni, wote walibanana mbele ya vizuizi vya vioo, kila mmoja ameinua kadi yake juu kana kwamba mashine ingemwonea huruma. Mlinzi mnene, shati lake la bluu limelowa makwapani, alikuwa akiwapitisha mmoja mmoja kwa kuwauliza kitengo.

"Wewe wa koti la kijani. Kitengo gani?"

Wa koti la kijani hakugeuka.

"Kijana, nakusemesha. Unajifanya hunisikii?"

Mlinzi akamshika bega. Kijana akageuka, akagusa sikio lake, akatikisa kichwa, kisha akaanza kupapasa mifuko akitafuta simu ili aandike. Waliokuwa nyuma wakaanza kufyonza na kusukumana.

Hapo dada mmoja akajipenyeza mbele. Alivaa gauni jeusi lisilo na ua wala kifungo cha kung'aa, nywele amezibana nyuma, na kwenye kidevu alikuwa na doti moja nyeusi. Akasimama mahali kijana alipoweza kumwona vizuri, akainua mikono.

"Anauliza kitengo chako," alisema kwa lugha ya alama.

Nyusi za kijana, nzito, zilizokaribia kukutana katikati, zikapanda.

"Nani amekuita?"

"Hakuna. Nimeona foleni."

"Kwa hiyo unasaidia foleni, si mimi."

"Nasaidia foleni. Wewe umo ndani yake kwa bahati mbaya."

Kijana akacheka, kicheko kikubwa kisichopimwa, mpaka watu wakageuka kumtazama, kisha akamtajia kitengo chake.

"Anasema nini?" mlinzi akauliza.

"Anasema yuko kitengo cha sauti."

Mlinzi akaguna. "Kiziwi, kitengo cha sauti."

Dada akamgeukia kijana. "Anasema: kiziwi, kitengo cha sauti. Na ameguna."

"Mwambie ndiyo maana walinichukua. Wanaosikia hawajui kinachokosekana."

Dada akalisema hilo kwa mdomo, neno kwa neno. Mlinzi akajikuna shingo, akafungua kizuizi. "Pita, mzee wa majibu."

Kwenye lifti waligundua kwamba wanashuka ghorofa moja. Ofisi ya wakalimani ilikuwa imempangia dada yule timu mpya, na timu yenyewe ilikuwa ya kijana huyu.

Kampuni ilikuwa imeahidi hadharani kwamba bidhaa zake zitamfaa kila mtu. Ahadi hiyo ilibandikwa ukutani, kuanzia lifti hadi jikoni. Kazi ya timu ilikuwa programu ya simu inayosikiliza watu wakiongea na kuyaandika maneno yao papo hapo, ili kiziwi ayasome. Kabla ya kijana huyo kuajiriwa, programu iliandika maneno tu. Yeye ndiye aliyedai ionyeshe ni nani anayesema, ni nani amecheka, na ni nani amekatizwa. "Nusu ya mkutano haimo kwenye maneno," alikuwa akiwaambia, na mkalimani akimpa sauti.

Mkalimani alikuwa na kanuni zake. Akimtolea mtu sauti husema "mimi", kama vile yeye ndiye mtu huyo. Husema kila kilichosemwa chumbani, hata mguno, hata kile ambacho msemaji anaomba kisitafsiriwe. Haongezi, hapunguzi. Na akitokea kumpenda anayemtafsiria, huiarifu ofisi, naye akabadilishwa.

Kanuni ya mwisho ndiyo waliyoivunja kwanza.

Haikuwa haraka. Viziwi hupeana majina ya mikono, na siku moja wakati wa chakula kijana akamgusia jina lake: kidole kimoja kwenye kidevu. Kidoti. Naye akamrudishia la kwake, vidole viwili vikipanda juu ya jicho. Nyusi. Tangu hapo hawakuwahi kuitana vingine. Jioni walipigiana simu za picha, kila mmoja kaegemeza simu yake mahali ili mikono ibaki huru. Kidoti aliiegemeza kwenye kopo la sukari akiosha vyombo.

"Sikuelewi," Nyusi alimwambia siku moja. "Unaongea na sabuni mdomoni."

"Nasema nimekukumbuka."

"Suuza kwanza, halafu urudie. Neno kama hilo halisemwi na mapovu."

Kidoti akasuuza mikono, akaifuta polepole kwa kitambaa, akarudia. Nyusi akasogea mpaka uso wake ukaijaza simu nzima.

"Mpenzi, kiongozi wa timu anahamishwa," alisema baadaye. "Nafasi iko wazi."

"Na wewe unaitaka."

"Naitaka mpaka aibu. Nikiipata, mama ataacha kuwaambia majirani kwamba huku ninafunga nyaya."

"Tuiarifu ofisi habari zetu kabla hujawa bosi."

"Nikiisha kuipata. Sitaki mtu mwingine mbele yangu siku hiyo. Nataka nilisome jibu kwenye mikono yako."

Kidoti alijua anapaswa kukataa. Hakukataa.

Siku ya kikao Nyusi alikuja na shati jeupe alilolipiga pasi mpaka kola ikasimama kama karatasi. Chumba cha mikutano kilinuka kahawa na zulia jipya. Mkuu wa bidhaa, ambaye wote walimwita Madam, alikaa katikati ya meza ndefu, suti yake ya rangi ya maziwa, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Alikuwa mama mpole. Mtu wa timu akifiwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Kidoti alikaa pembeni yake, akimwelekea Nyusi. Mbele ya Nyusi, ikiegemea chupa ya maji, ilikuwepo simu ya majaribio yenye toleo jipya la programu. Matoleo ya zamani yalichelewa na kukosea sana, kwa hiyo hakuna aliyeikumbuka isipokuwa mwenyewe, aliyekuwa akiichungulia mara moja moja kuona makosa.

Katikati ya kikao Madam akamwinamia Kidoti, akatabasamu, akashusha sauti.

"Dada, hili usimtafsirie." Kisha akawageukia wengine. "Kijana wetu tutamweka mbele kwenye picha za uzinduzi. Watu watampenda. Ila kuongoza timu, tumpe mtu ambaye nikimhitaji nampigia simu anapokea."

Mmoja akaitikia kwa kichwa. Wengine wakatazama kalamu zao.

Mikono ya Kidoti ikabaki hewani. Kanuni aliijua. Lakini mbele yake kulikuwa na ile kola, na uso uliokuwa ukimngoja kama mtoto anavyongoja kusomewa matokeo. Alijiambia: si hapa, si mbele ya watu hawa, jioni nitamweleza taratibu. Mikono ikashuka, ikasema:

"Anazungumzia picha za uzinduzi. Watakuweka mbele."

Nyusi alikuwa ameinamia simu. Sentensi ilikuwa pale, safi, haikukosewa hata koma, ikianza na "Dada, hili usimtafsirie". Akaisoma mpaka mwisho. Akainua macho.

"Hicho tu?"

"Hicho tu," Kidoti akamjibu.

Nyusi akamtazama kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe. Kisha akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Mnaona, ameridhika," alisema Madam, na moyo wake ukatulia kweli.

Hilo Kidoti alilitafsiri.

Jioni alipiga simu. Haikupokelewa. Akaandika ujumbe, akaufuta, akapiga tena. Siku iliyofuata ofisi ya wakalimani ikamwarifu kwamba timu haimhitaji tena, itatumia programu yake yenyewe, na ombi limetoka kwa mhandisi mwenyewe.

Alilisoma hilo amesimama koridoni, mkoba begani. Picha mpya ikajipanga kichwani mwake, na ilikuwa picha mbaya: alihitajika mpaka mashine ikomae. Imekomaa.

Nyusi alipopokea simu, alikuwa amekaa dirishani, mwanga nyuma yake, uso hauonekani sawasawa.

"Umeniondoa kazini kwa ujumbe wa ofisi," Kidoti alisema.

"Programu inafanya kazi."

"Kwa hiyo nilikuwa wa kushikiza tu."

"Mashine haina huruma. Ndicho ninachokitaka chumbani."

"Huruma gani? Nyusi, sogea kwenye mwanga, nione unachosema."

"Ulikuwa kwenye mwanga wewe. Nilikuona vizuri sana."

Akaigeuza simu, kioo chini. Kwa watu wanaoongea kwa mikono, huko ni kumfungia mtu mlango akiwa bado anaongea.

Jumamosi Kidoti akaenda kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, naye kiziwi tangu utoto. Alikuwa akipinda sketi za shule, nyayo zikisikiliza mtetemo wa mashine. Kidoti akawasha na kuzima taa ya chumba ili aonekane. Mama akainua kichwa, akamtazama mara moja tu.

"Nani amekufanya uvimbe macho?"

Kidoti akaketi juu ya rundo la vitambaa, akamweleza kila kitu. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, mama akakata uzi kwa meno, akauliza:

"Hiyo programu yenu, siku hiyo ilikuwa inaandika?"

Kidoti akaiona chupa ya maji. Akaiona simu iliyoiegemea, na macho ya Nyusi yakipanda kutoka kwenye simu kuja kwake. Hicho tu? Akafunika uso kwa viganja.

Mama akaishusha mikono yake, maana mtu aliyefunika uso hawezi kusemeshwa.

"Alikuuliza, ukamdanganya mara ya pili."

"Nilitaka asiumie mbele za watu."

"Ndivyo ulivyokuwa ukinifanyia mimi. Unamkumbuka yule mwenye duka la vitambaa? Alikuwa akiniita bubu, wewe ukiniambia anasema karibu."

"Ulijua?"

"Mtu anayekaribisha hakunji pua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa mtoto. Ulikuwa unajikinga mwenyewe zaidi kuliko mimi, na nilikuachia." Mama akageuza sketi upande wa pili. "Lakini kila uliporuka neno, ulinipokonya jibu langu. Na mimi nilikuwa na majibu mazuri sana. Yule mtu amekufa bila kuyapata hata moja."

Kidoti akacheka huku machozi yakimtoka. Mama hakucheka.

"Sasa si mtoto tena," alisema, na mguu ukarudi kwenye mashine.

Huku ofisini, Nyusi naye alikuwa akijifunza jambo. Katika vikao programu ilimpa kila neno. Aliwasoma wote. Lakini alipotaka kujibu, ilimbidi aandike, na akimaliza kuandika mada imeshahama. Akajaribu kuifanya simu imsomee kwa sauti, ikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari wa kike, na mtu mmoja akapaliwa na chai kwa kicheko. Simu ikaandika: kicheko. Akagundua kwamba alikuwa amejenga dirisha, akasahau mlango. Sasa aliona kila kinachosemwa juu yake, na bado hakuwa na pa kupitia. Jina la kiongozi mpya lilikuwa lithibitishwe katika kikao cha mwisho kabla ya uzinduzi, naye mbele ya wote alikuwa ameitikia kwa kichwa.

Usiku na mchana alimkasirikia Kidoti, kisha akajikuta anahesabu na ya kwake. Nani aliyesema ofisi isiarifiwe? Nani aliyetaka habari zake zipitie kwenye mikono inayompenda, halafu akashangaa mikono ikitetemeka?

Akamwandikia: "Kikao cha mwisho ni Jumatano. Nimeomba uje wewe. Safari hii useme kila kitu."

Jibu likaja upesi. "Najua ulichokisoma siku ile. Nitasema kila kitu."

Jumatano Kidoti alikuja na gauni lilelile jeusi. Hawakusalimiana zaidi ya ilivyopasa. Madam alimshika mkono kwa furaha. "Dada, tulikukosa." Nyusi hakuweka simu yoyote mezani. Zamu yake ilipofika akasimama, akangoja mpaka macho ya Kidoti yakatulia juu yake, akaanza. Na sauti ya Kidoti, ya chini, isiyo na haraka, ikaanza pamoja naye.

"Programu hii haijawa tayari. Inaniletea maneno yenu, haiwapi ninyi ya kwangu. Mkiizindua hivi, mtakuwa mmewafundisha viziwi kukaa kimya wakisoma. Nimekaa hivyo majuma haya, hamkuona tofauti. Mlinisifu kwamba nimekuwa mtulivu."

Mtu mmoja akacheka, akaacha.

"Katika kikao kilichopita, Madam alisema kuongoza timu apewe mtu ambaye anaweza kumpigia simu akapokea. Niliyasoma maneno hayo. Mimi napokea simu kila siku. Ila wanaonipigia hujitokeza na sura zao."

Uso wa Madam ukabadilika. Akamwinamia Kidoti. "Dada, hili—" Akajisikia mwenyewe, akanyamaza.

"Anasema: dada, hili. Amenyamaza," Kidoti akamwambia Nyusi kwa mikono.

Nyusi akamtazama. Mikono yake ikasita, kwa mara ya kwanza. Kisha ikaendelea, na Kidoti akaona inakoelekea kabla haijafika. Angeweza kukohoa. Angeweza kulainisha neno moja, hakuna aliyekuwa chumbani ambaye angejua. Akavuta pumzi.

"Siku ile niliitikia kwa kichwa, nanyi mkasema nimeridhika. Sikuridhika. Mkalimani wangu aliiruka sentensi hiyo. Nilimuuliza kama ni hicho tu, akasema ni hicho tu." Sauti ya Kidoti ilikwaruza, ikanyooka. "Alinidanganya. Alinikata ulimi mbele ya watu, akidhani ananifunika."

Chumba kizima kilikuwa kinamtazama yeye, si Nyusi. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia mtu akijishtaki kwa upole namna hiyo.

"Na mimi nina la kwangu. Mkalimani huyu ni mpenzi wangu. Nampenda. Ofisi ilipaswa kuarifiwa tangu mwanzo, mimi ndiye niliyetaka tungoje. Kama tungearifu, angekaa hapa mtu mwingine, na ningeisikia sentensi ile siku ileile. Kwa hiyo kosa lina wazazi wawili. Nimemaliza."

Kidoti akaiweka mikono yake magotini.

Madam alivua miwani, akaivaa tena. Alisema atahitaji muda. Uzinduzi ukaahirishwa. La uongozi, wakasema litazungumzwa upya, na Nyusi atakuwepo likizungumzwa. Halikuwa jibu zuri, lakini safari hii lilisemwa mbele yake. Ofisi ya wakalimani nayo haikuchelewa: kabla ya chakula cha mchana Kidoti alitakiwa kurudisha kitambulisho, na jambo lake likapelekwa kwenye kamati. Kwa muda usiojulikana hakuwa na kazi.

Alimkuta Nyusi anamngoja ukumbini chini, karibu na vizuizi vya vioo, koti la kijani mkononi. Watu walikuwa wakimiminika kwenda kula, wakiwapita kama maji yanavyolipita jiwe. Kidoti akaweka kitambulisho chake kwenye meza ya mlinzi mnene.

"Hukuruka hata moja," Nyusi alisema.

"Ulinifanya nijitukane kwa mdomo wangu."

"Nilikuwa naogopa utaruka lile la mwisho."

"Lipi?"

Nyusi akalirudia. Nampenda. Safari hii akabadilisha mwelekeo wa mkono, ukamjia Kidoti.

"Umenifanya nipoteze kazi."

"Tumeipoteza wote. Wewe ya kwako, mimi mkalimani niliyemzoea. Kidoti, sikuhitaji tena ofisini. Nakuhitaji jikoni, na sabuni mikononi. Nataka Jumapili nije kwenu, nimwone mama yako."

"Mama ana maneno makali."

"Vizuri. Nitayapata yote bila kupitia kwa mtu. Nataka tuoane."

Kidoti akatazama sakafu. Mlinzi alikuwa amewatumbulia macho muda wote huo, kitambulisho kimesahaulika mkononi.

"Shemeji anasemaje?" akauliza.

Mdomo wa Kidoti ukafunguka kwa mazoea. Akaufunga.

"Muulize mwenyewe."

Mlinzi akajikuna shingo. Akamgeukia Nyusi, akanyoosha kidole kwake, akakunjua viganja hewani kama anayeuliza bei. Nyusi akacheka kile kicheko chake kikubwa, akatoa simu, akaandika, akampa. Mlinzi akasoma huku midomo ikicheza.

"Amekuomba muoane," alimwambia Kidoti, kama ndiye anayempa habari. "Anasema bado hujajibu. Jibu basi, dada, mimi nina foleni hapa."

Kidoti akajibu. Alijibu kwa mikono, kwa kirefu, vidole vikienda kasi, mara kifuani, mara vikimnyooshea Nyusi usoni, na doti ya kidevuni ikitetemeka. Mwisho mikono ikatulia.

"Kasema nini?" mlinzi akamuuliza Nyusi, viganja vimekunjuliwa tena.

Nyusi akaichukua simu. Aliandika kwa muda mrefu, watu wa foleni wakalalamika, naye hakuharakisha. Akaigeuza kwa mlinzi. Ilisomeka:

"Anasema ndiyo. Anasema anaomba radhi kwa kuniruka. Anasema kumwondoa kwa ujumbe wa ofisi kulikuwa ukatili, bado ana hasira, na hasira hiyo haitaisha Jumapili. Anasema kola yangu ya siku ile ilikuwa imepinda upande mmoja na hakutaka kuniambia. Amesema ndiyo mara mbili."

Mlinzi akasoma mpaka mwisho, akamtazama Kidoti.

"Ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo," alisema Kidoti. "Hakuruka hata moja."